PowerPoint, Canva, LaTeX au Inkscape: programu ipi kwa bango lako la mkutano wa kisayansi?

Barua ikishafika kusema kwamba muhtasari wako umekubaliwa na utawasilishwa kwa bango, siku zilizobaki huanza kuyoyoma, na swali la kwanza ambalo wanafunzi wa uzamili huniletea huwa lilelile: nitumie programu gani? Mmoja ameambiwa kwamba PowerPoint ni ya slaidi tu na haifai kwa mabango. Mwingine amevutiwa na violezo vya Canva. Wa tatu aliandika tasnifu yake kwa LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa kwa maagizo ya maandishi, na haoni sababu ya kuacha chombo alichokwisha kukizoea. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja wao anaweza kutoka na bango zuri au bovu kwa programu hiyohiyo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watafiti chipukizi kuandaa mabango ya mikutano ya ndani na ya nje ya nchi, na siku hizi huanza kwa kuwauliza swali langu: ukishamaliza wewe, nani ataifungua faili hii? Bango la kitaaluma halitoki mkononi mwa mtu mmoja. Msimamizi atataka kubadilisha sentensi ya hitimisho, mwandishi mwenza aliye Kampala au Bergen atataka nembo ya taasisi yake isogezwe, mtakwimu atagundua kwamba tarakimu moja kwenye jedwali haikurekebishwa, na mwishowe kijana wa steshenari ataichomeka flashi yako kwenye kompyuta yenye fonti tofauti na zako. Programu inayokufaa ni ile itakayoivusha kazi katika mikono yote hiyo bila kuiharibu, na kwa kuwa mikono hiyo hutofautiana, jibu nalo hutofautiana.

Vigezo vya ulinganisho

Programu zote nne nitazipima kwa mambo matano. La kwanza ni ukubwa na mpangilio, yaani kama unaweza kuweka karatasi ya A0 kwa vipimo sahihi na kupanga safu, visanduku na nafasi tupu bila kupigana na programu. La pili ni grafu, majedwali na milinganyo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobeba matokeo. La tatu ni masahihisho ya wenzako. La nne ni safari ya kwenda kwa mchapaji, ikijumuisha fonti na rangi. La tano ni gharama, nikimaanisha fedha, bando la intaneti na muda wa kujifunza, kwani programu ya bure inayokula wiki mbili za kujifunza ina bei yake.

Uzuri sikuuweka kuwa kigezo. Bango la A0 lina upana wa milimita 841 na urefu wa milimita 1,189, eneo la karibu mita moja ya mraba, na hakuna programu inayoweza kulipendezesha iwapo mwandishi amelijaza maneno 1,500 ya tasnifu yake. Kichwa cha habari kiwe cha nukta 85 (kipimo cha ukubwa wa herufi, yaani “point”) au zaidi, vichwa vidogo kati ya 36 na 50, na maandishi ya kawaida yasishuke chini ya nukta 24. Kuna jaribio ninalowasihi wote walifanye: chapa bango lako kwenye karatasi ya kawaida ya A4, ulishike kwa urefu wa mkono, ulisome. A0 ina urefu mara nne ya A4, kwa hiyo herufi ya nukta 24 itaonekana ya nukta 6, ndogo lakini yenye kusomeka. Usipoweza kuisoma, mtu aliyesimama hatua mbili mbele ya bango naye ataikosa, na hatakuja karibu kukuuliza.

Picha nazo zina hesabu yake. Picha itakayochukua upana wa sentimita 30, ikichapwa kwa nukta 150 kwa inchi, ambacho ni kiwango kinachotosha kwa bango, inahitaji pikseli zipatazo 1,770 kwa upana huo. Ile iliyotumwa kwako kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imekwisha kupunguzwa pikseli njiani. Mwombe aliyeipiga akutumie tena kama hati. Kuhusu rangi, usitofautishe makundi mawili ya data kwa nyekundu na kijani pekee, kwa kuwa takriban 8% ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini wana upofu wa rangi, na ugumu mkubwa zaidi wanaupata katika rangi hizo mbili. Kasoro hizi zote huwezi kuzitibu kwa kuhama programu, ndiyo maana nimezitaja kabla ya programu yenyewe.

PowerPoint

Ukubwa na mpangilio. Bango katika PowerPoint ni slaidi moja iliyokuzwa. Weka sentimita 84.1 kwa 118.9 kabla ya kuandika neno la kwanza, kwa sababu ukibadilisha ukubwa baadaye programu itakuuliza kama ikuze yaliyomo au iyabane yatoshee, na kwa vyovyote utakavyojibu utalazimika kupanga upya. Upande mrefu kabisa inaoruhusu ni inchi 56, sawa na sentimita 142.24, kwa hiyo A0 inaingia bila shida. Mkutano ukidai bango la mlalo la sentimita 180 kwa 90, tengeneza la nusu ya vipimo hivyo na umwelekeze mchapaji alikuze kwa 200%. Mistari ya mwongozo na vitufe vya kulinganisha visanduku vipo, lakini programu haikulazimishi kuvitumia, na hapo ndipo mabango mengi yanapoharibika: safu moja inaanza milimita chache chini ya jirani yake, na mtazamaji anahisi kwamba kazi haikutulia hata kama hawezi kukuonyesha wapi.

Grafu, majedwali na milinganyo. Grafu iliyotengenezwa Excel inaingia ikiwa bado hai, unaweza kubadili rangi na ukubwa wa herufi papo hapo. Kihariri cha milinganyo kinatosha kwa mahitaji ya watafiti wengi wa afya, kilimo na sayansi za jamii. Kuna hatari moja ambayo nataka izingatiwe kwa uzito: ukibandika grafu kwa njia inayopachika ndani ya slaidi kitabu kizima cha kazi cha Excel, yeyote atakayepokea faili yako ya PowerPoint anaweza kukifungua kitabu hicho na kuona kila safu ya data, pamoja na namba za wagonjwa kama zimo. Wanaofanya utafiti chini ya kibali cha maadili wabandike grafu kama picha ya vekta, yaani picha ya mistari inayokuzika bila kufifia, au wahakikishe kwamba wanachotuma nje ni PDF.

Masahihisho ya wenzako. Hapa PowerPoint ina nguvu kubwa. Sijakutana na msimamizi asiyejua kuifungua, kubofya kwenye kisanduku na kufuta neno asilolipenda. Upungufu wake ni kwamba haina namna ya kuonyesha kila badiliko kwa rangi kama ilivyo kwa Word, kwa hiyo waandishi wenza watatu wakisahihisha nakala tatu tofauti, utakaa usiku kuzioanisha kwa macho. Heri faili iwe moja, mahali pamoja mtandaoni, na maoni yaandikwe pembeni.

Safari ya kwenda kwa mchapaji. Nitasimulia lililonikuta. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipeleka faili ya PowerPoint yenyewe, si PDF, kwenye duka la uchapaji, asubuhi ya siku ya mkutano. Kijana aliifungua, bango likatokea, sote wawili tukaona ni zima, akachapa. Nilipolitandaza mezani ndipo nilipoona kwamba kila palipokuwa na herufi β pamekuwa na kisanduku kitupu, na alama ya ≤ katika jedwali la matokeo imetoweka, hivyo “p ≤ 0.05” ikasomeka “p 0.05”. Kompyuta ya dukani haikuwa na fonti niliyoitumia. Nilisimama mbele ya bango hilo siku nzima nikiwa na kalamu ya wino mweusi mfukoni. Dawa yake ni nyepesi: hifadhi kama PDF kwa ubora wa kawaida, si kwa ukubwa mdogo kabisa, kisha uifungue PDF hiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, uikuze mpaka 400% na upite kila alama. Kwa upande wa rangi, PowerPoint hufanya kazi kwa mfumo wa rangi za skrini, kwa hiyo bluu inayong'aa kwenye kompyuta yako inaweza kutoka imefifia kwenye karatasi.

Gharama. Vyuo vingi vina leseni, na toleo la mtandaoni linapatikana bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Asiye na leseni anaweza kutumia LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti, ila asihamishe faili huku na huko kati ya programu hizi mbili, kwa maana maandishi husogea.

Inamfaa nani? Mtafiti mwenye waandishi wenza wengi wasiopenda kujifunza chombo kipya, mwenye siku chache, na mwenye nidhamu ya kupanga visanduku kwa vipimo.

Canva

Ukubwa na mpangilio. Canva ilizinduliwa nchini Australia mwaka 2013 kwa ajili ya watu wasiosomea usanifu, na hilo linaonekana mara tu unapoanza. Unaingiza vipimo vyako kwa milimita, unachagua kiolezo, na vitu vinajipanga vyenyewe kwa mistari inayotokea unapovisogeza. Mtu asiye na jicho la usanifu atapata mpangilio safi zaidi hapa kwa saa mbili kuliko kwa siku nzima ya PowerPoint. Tatizo liko kwenye violezo vyenyewe: vingi vilisanifiwa kwa ajili ya matangazo, vina picha kubwa za mapambo na maneno machache, na mwanafunzi anapoingiza mbinu zake za utafiti ndani ya kisanduku kilichokusudiwa tarehe ya tamasha, hulazimika kupunguza herufi mpaka hazisomeki. Anza na kiolezo chenye safu mbili au tatu, ufute mapambo yote, ndipo uandike.

Grafu, majedwali na milinganyo. Hapa ndipo Canva inapokuwa dhaifu kuliko nyingine zote. Grafu zake za ndani zinatosha kwa mihimili na duara, si kwa mchoro wa uhai wa wagonjwa wala kwa grafu yenye vipindi vya uhakika vya 95%. Tengeneza grafu zako R, Stata au Excel, uzihifadhi kama SVG, ambayo ni faili ya vekta, au kama picha kubwa ya PNG, kisha uzipakie. Milinganyo hupitia programu za nyongeza. Jedwali lenye safu saba za tarakimu za desimali litakuchosha. Ligeuze kuwa grafu, jambo ambalo mara nyingi lilipaswa kufanyika tangu mwanzo.

Masahihisho ya wenzako. Unatuma kiungo, mwenzako anafungua kwa kivinjari au hata kwa simu, anaandika maoni, na wote mnaona nakala ileile kwa wakati mmoja. Kwa timu iliyotawanyika Mwanza, Nairobi na Oslo hakuna kati ya hizi nne inayorahisisha kazi kiasi hiki. Uzuri huo una upande wake wa pili: kiungo chenye ruhusa ya kuhariri kikisambaa, mtu anaweza kuvuta kisanduku kwa bahati mbaya na asikwambie. Wape wengi ruhusa ya kutoa maoni tu.

Safari ya kwenda kwa mchapaji. Pakua PDF ya kuchapa, si ile ya kawaida wala picha ya JPG. Fonti huingia ndani ya PDF, hivyo mkasa wangu wa β hautarajiwi. Ukihitaji faili yenye rangi za mfumo wa wino, yaani CMYK, huduma hiyo imo katika toleo la kulipia. Mchapaji wa kawaida hatakudai. Mchapaji wa vitabu anaweza.

Gharama. Toleo la bure linatosha bango zima, mradi uepuke picha na alama za kulipia, ambazo hubaki na chapa juu yake mpaka ulipe. Kazi hii kwa kawaida hufanyika mtandaoni, na kwa anayenunua bando la siku, kupakia na kupakua picha nzito usiku kucha ni gharama halisi. Pangia kazi hiyo chuoni penye Wi-Fi.

Inamfaa nani? Mwenye matokeo machache yanayoelezeka kwa picha, mtafiti wa elimu, afya ya jamii au lugha, na timu inayokaa mbalimbali yenye intaneti ya kuaminika.

LaTeX

Ukubwa na mpangilio. Katika LaTeX huburuti kisanduku kwa kipanya. Unaandika maagizo na programu inapanga. Vifurushi vya beamerposter na tikzposter hukuwezesha kutaja A0, wima au mlalo, kwa mstari mmoja, na beamerposter ina namba ya kukuza herufi zote kwa pamoja, kitu ambacho kwingine kingekuchukua saa nzima ya kubofya. Safu hunyooka, nafasi kati ya vichwa na maandishi hulingana kila mahali, na ulinganifu huo ndio unaolipatia bango sura ya utaalamu kabla hata halijasomwa. Gharama yake utaiona siku utakapotaka picha moja isogee sentimita mbili kushoto. Jambo la sekunde tatu katika Canva linaweza kukuchukua nusu saa hapa.

Wanaoandaa bango kwa Kiswahili wazingatie kwamba LaTeX hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza usipoielekeza vinginevyo, na maneno yetu marefu kama “walivyoshirikishwa” yanaweza kukatwa mahali pasipo na silabi. Katika safu nyembamba za bango kasoro hiyo huonekana waziwazi. Agizo la \raggedright, linalonyoosha maandishi upande wa kushoto tu, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo na hurahisisha usomaji pia.

Grafu, majedwali na milinganyo. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliianza TeX, msingi wa LaTeX, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hakuridhika na jinsi vitabu vyake vya sayansi ya kompyuta vilivyokuwa vinapangwa na wachapaji, na mpaka leo hakuna kati ya hizi nyingine inayoifikia kwa milinganyo. Grafu za vekta kutoka R au Python huingia kama PDF na hubaki kali hata zikikuzwa ukubwa wa ukuta. Ukibadilisha data na kuendesha upya msimbo wako, grafu mpya hukaa mahali pa ile ya zamani bila kugusa bango. Mtu ambaye matokeo yake hubadilika mpaka wiki ya mwisho atashukuru.

Masahihisho ya wenzako. Overleaf, tovuti ya kuandikia LaTeX, huwezesha watu kuandika pamoja kwa kivinjari, ingawa akaunti ya bure ina mipaka ya idadi ya washiriki na ya muda wa kuchakata faili. Kikwazo kikubwa ni watu wenyewe. Msimamizi wa idara ya hisabati au fizikia atafungua na kusahihisha. Daktari bingwa aliyetoka zamu ya usiku hatafanya hivyo, na hapaswi kulazimishwa. Mtumie PDF, apigie mistari kwa kalamu au aandike maoni juu yake, uyaingize mwenyewe.

Safari ya kwenda kwa mchapaji. Kinachotoka ni PDF yenye fonti ndani yake, kwa ukubwa kamili. Katika hatua hii LaTeX haijawahi kunisumbua.

Gharama. Fedha, hakuna. TeX Live kamili, yaani kifurushi cha kusakinisha LaTeX kwenye kompyuta yako, ni gigabaiti kadhaa za kupakua, lakini ikishaingia inafanya kazi umeme wa laptopu ukiwepo tu, bila bando. Gharama yake kuu ni muda: kwa asiyeijua kabisa, bango la kwanza si mahali pa kujifunzia, hasa mkutano ukiwa wiki ijayo.

Inamfaa nani? Aliyekwisha kuandika makala au tasnifu kwa LaTeX, mwenye milinganyo mingi, na mwenye waandishi wenza wanaoridhika kusahihisha juu ya PDF.

Inkscape

Ukubwa na mpangilio. Inkscape ni programu huria ya michoro ya vekta iliyoanza mwaka 2003. Unaweka A0 kwenye sifa za hati, unapima kwa milimita, unagawa kazi kwa matabaka, na uhuru ulio nao hauna mpaka. Uhuru huo humnufaisha mwenye picha kamili kichwani na humpoteza asiyekuwa nayo. Maandishi marefu yanayotiririka katika safu kadhaa si nguvu yake. Kwa hilo Scribus, programu nyingine ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanga kurasa, inafaa zaidi.

Grafu, majedwali na milinganyo. Hapa ndipo ninapoipenda. Unafungua grafu ya PDF iliyotoka R, na kila kipengele kinakuwa kitu unachoweza kukishika: unakuza majina ya mihimili, unaondoa fremu isiyo na kazi, unahamisha ufafanuzi wa rangi na kuuweka karibu na mistari yenyewe ili msomaji asilazimike kuruka na macho. Ramani ya wilaya za utafiti au mchoro wa mzunguko wa maisha ya mbu hutoka vizuri kuliko kwingine kote. Tahadhari ni moja: grafu yenye makumi ya maelfu ya nukta ikifunguliwa kama vekta, kompyuta ya kawaida hulemewa, kwa hiyo grafu ya namna hiyo iingize kama picha. Jedwali la kweli halipo. Utalichora mstari kwa mstari.

Masahihisho ya wenzako. Ni dhaifu. Wachache wanayo programu hii, na njia pekee ya busara ni kutuma PDF na kupokea maoni.

Safari ya kwenda kwa mchapaji. Unapohifadhi PDF unaweza kuyageuza maandishi yote kuwa michoro, na hapo fonti haziwezi kubadilika kamwe, popote faili itakapofunguliwa. Hifadhi na nakala yenye maandishi ya kawaida, kwa maana iliyogeuzwa hairekebishiki. Ukidaiwa rangi za CMYK, pitisha kazi yako Scribus.

Gharama. Ni bure na haihitaji intaneti. Kuizoea huchukua siku kadhaa za kufanya kwa mikono.

Inamfaa nani? Mwenye utafiti unaosimama juu ya mchoro mmoja mkubwa: ramani, mfumo wa mashine, muundo wa molekuli, mpangilio wa shamba. Wengi huitumia pamoja na nyingine, mchoro ukitengenezwa humu kisha ukapelekwa PowerPoint au LaTeX, na huo ni mgawanyo mzuri wa kazi.

Kuamua kwa hali yako

Ikiwa mkutano uko chini ya siku tano, baki na programu unayoijua, hata kama rafiki yako anaitoa kasoro, na tumia muda utakaouokoa kupunguza maneno na kufanya lile jaribio la A4.

Ikiwa wenye kauli ya mwisho ni wasimamizi wawili au watatu wanaotaka kugusa maandishi wenyewe, PowerPoint au Canva zitakuepusha na mzigo wa kuwa karani wa masahihisho. Kati ya hizo mbili, intaneti ya wote ikiwa nzuri na matokeo yakiwa ya picha zaidi kuliko majedwali, egemea Canva. Intaneti ikisumbua, au grafu zikiwa zinatoka Excel, egemea PowerPoint.

Ikiwa uchambuzi wa data haujafungwa na unajua kwamba tarakimu zitabadilika, LaTeX pamoja na grafu zinazozalishwa na msimbo itakupunguzia makosa ya kusahau kusahihisha mahali pamoja, na hayo ndiyo makosa ambayo mtazamaji makini huyaona kwanza. Kama LaTeX huijui, orodhesha kwenye daftari kila tarakimu iliyomo kwenye bango na mahali ilipo, uipigie tiki moja baada ya nyingine siku ya mwisho.

Ikiwa unataka kufuata mpangilio uliopendekezwa mwaka 2019 na Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani, ambamo matokeo makuu huandikwa kwa sentensi moja kubwa katikati ya bango na msimbo wa QR humpeleka msomaji kwenye makala kamili, programu zote nne zinaweza kuufanya. Canva na PowerPoint zitaufanya haraka zaidi kwa kuwa una maandishi machache. Chapa msimbo huo kwenye A4 na uujaribu kwa simu ya kawaida kabla ya kwenda kwa mchapaji.

Ikiwa utasafiri kwa ndege, mwulize mchapaji kuhusu kitambaa, kwa sababu hukunjwa na kuingia kwenye begi, wakati karatasi ya A0 inahitaji bomba lake. Ikiwa utachapa kwenye fleksi, kama ilivyo kawaida katika maduka mengi ya Kariakoo, kumbuka kwamba mashine nyingi za fleksi zimekusudiwa matangazo ya barabarani yanayotazamwa kwa mbali. Ongeza ukubwa wa herufi za maelezo ya chini ya grafu, epuka mistari myembamba, na uombe kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja kutoka sehemu yenye maandishi madogo kuliko yote. Kwa Inkscape na LaTeX, ambako mistari ya grafu hutoka myembamba sana usipoitajia unene, hatua hiyo ni ya lazima. Mpelekee mchapaji PDF hiyo angalau siku mbili kabla ya safari, ukae naye mpaka aifungue, na umwonyeshe kwa kidole kila mahali penye β, ≤ na ±.